Hujalogwa na nyuki: kwa nini gemu ya mwaka 1981 bado inakushika

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi friji, nina miaka 44, mzaliwa wa Tanga. Miaka ya tisini mtaani kwetu kulikuwa na kibanda chenye televisheni moja na mashine ya gemu ya kanda. Tulikuwa tunalipa shilingi 20 tunacheza gemu ya nyuki: ndege yako iko chini, wadudu wanaingia wakizungukazunguka, wanajipanga juu, halafu wanakushukia mmojammoja. Mwezi uliopita mpwa wangu aliniwekea kwenye simu. Tangu siku hiyo nikitoka kazini nasema nacheza mara moja tu, nakuja kushtuka ni saa sita usiku. Mke wangu anasema nimelogwa na nyuki. Kwenye grupu la WhatsApp kuna ujumbe unasema gemu zinamwaga dopamini kichwani kama madawa ya kulevya. Ajabu ni kwamba huyo mpwa ana gemu za mpira na za vita zenye picha kama sinema, na hazinivutii hata kidogo. Je, huu ni ugonjwa? Nimruhusu mwanangu wa miaka 9 acheze, ilhali ni ya kupiga risasi? Na la mwisho, usinicheke: marehemu kaka yangu alikuwa anajua kuirudisha ile ndege inayotekwa. Mimi nikimpiga yule mdudu mkubwa, ndege yangu inapotea. Alikuwa anafanyaje?"

JIBU:

Ndugu yangu, pole kwa usingizi, na pole zaidi kwa kaka. Sikucheki. Kazi yangu ni kuandika programu za gemu za simu, na nimeshawahi kukesha na hao hao nyuki nikijiambia kwamba ninafanya utafiti.

Kwanza nikupe jina, maana inaelekea hukuwahi kulijua. Gemu hiyo inaitwa Galaga. Ilitolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1981, msanifu wake akiwa Shigeru Yokoyama, kama mrithi wa gemu yao nyingine, Galaxian, ya mwaka 1979. Ilianza ikiwa kabati refu la kusimama mbele yake: stiki moja, kitufe kimoja na tundu la kutumbukizia sarafu. Mwaka 1985 ikatolewa kwa mashine ya nyumbani ya Nintendo iliyoitwa Famicom. Nakala za bei chee za mashine hiyo, ambazo Nintendo hawakuzitengeneza wala kuzibariki, ndizo zilizojaa kwenye vibanda vyetu, na kanda zake zilizoandikwa kwamba zina gemu 64 kumbe ni kumi zikijirudia kwa majina tofauti. Basi nyuki wako walisafiri kutoka Japani mpaka Tanga kwa njia za panya.

Sasa nielewe vizuri unachouliza. Hunilalamikii kwamba gemu ni mbaya. Unachoshangaa ni kwamba kitu kidogo namna hii, kisicho na hadithi wala mwisho, kinakushinda nguvu kuliko vitu vilivyotengenezwa na mamia ya watu kwa miaka mitano. Mke wako ameshachagua jibu, ni uchawi. Grupu la WhatsApp nalo limechagua la kwake, ni madawa. Mimi nadhani jibu limo ndani ya gemu yenyewe, na tukiifungua kama unavyofungua friji, utaona compressor, ule moyo wake, iko wapi.

Watu wengi hudhani gemu za aina hii ni za kugonga kitufe kama mwendawazimu. Jaribu leo usiku, ukiwa umetulia: hesabu risasi zako zilizo hewani. Hazizidi mbili kwa wakati mmoja. Ya tatu haitoki mpaka mojawapo ya zile mbili igonge mtu au itokomee juu ya skrini. Fikiria maana yake. Ukimpiga nyuki aliye karibu na pua yako, risasi inafika mara moja na bunduki iko tayari tena. Ukikosa, risasi inapanda taratibu hadi juu kabisa, na muda wote huo unasimama na risasi moja, au huna kabisa, huku wenzake wanakushukia. Hakuna mahali palipoandikwa "kukosa ni kosa." Kukosa kunajiadhibu kwenyewe. Ndiyo maana gemu ikiisha kwenye kabati la asili, skrini haikupi alama tu. Inakuonyesha umefyatua risasi ngapi, ngapi zimepata, na asilimia yake. Anayegonga kitufe ovyo anaumbuliwa pale pale mbele ya wenzake.

Kitu cha pili ni bei ya subira. Yule mdudu mkubwa, bosi, ukimpiga akiwa ametulia kwenye safu anakupa alama 150. Ukimngoja ashuke peke yake anakupa 400. Akishuka na msindikizaji mmoja ni 800, na akishuka na wawili unapata 1,600. Mdudu ni yule yule na risasi ni zile zile, tofauti ni kwamba umekubali akusogelee. Mara kumi na zaidi ya malipo kwa sababu tu ulithubutu kusubiri! Mtu akiniuliza kwa nini gemu hii imezishinda nyingi za wakati wake, hapa ndipo ninapomwonyesha. Kila sekunde inakuuliza swali moja: unamaliza sasa kwa usalama, au unangoja upate zaidi?

Halafu kuna ile ndege inayotekwa. Bosi anashuka nusu njia, anasimama, anamwaga mwali wa mwanga kama nyavu, na ukikaa chini yake unavutwa juu. Umepoteza roho moja kati ya tatu (sisi mtaani tuliita roho, sijui ninyi Tanga mliitaje). Ukifanikiwa kuikomboa, inashuka ikajipachika ubavuni mwako, sasa una ndege mbili zinazofyatua pamoja. Lakini sasa wewe ni mpana mara mbili, na risasi iliyokuwa ikupite pembeni inakupata. Hata hivyo wachezaji wazuri hujipeleka wenyewe kwenye ule mwali, wanatoa chambo. Nguvu unainunua kwa roho yako mwenyewe, na hakuna anayekulazimisha. Nimetengeneza gemu kwa miaka mingi na bado sijabuni kanuni moja iliyobeba mambo mengi namna ile.

Juu ya hayo yote, hakuna kilichofichwa. Umewahi kuwaona dada zetu wakicheza rede? Wawili wanarusha mpira huku na huku, mmoja yuko katikati, anakwepa huku anahangaika kujaza mchanga kwenye chupa. Akipigwa, hakuna ubishi: kila mtu pembeni aliona mpira ulikotoka na yeye alikuwa ameinamia wapi. Galaga ni rede. Uwanja wote uko mbele ya macho yako, unakwenda kushoto na kulia tu, na ukifa unajua kwa nini umekufa. "Niling'ang'ania yule wa kona." "Nilikimbilia ukutani nikakosa pa kutokea." Kwenye gemu za vita za mpwa wako unaweza kufa kwa mtu aliyekuwa nyuma yako asiyeonekana, au kwa mtoto wa Ulaya mwenye intaneti ya kasi kuliko yako. Hapo unakasirika. Ukifa kwa nyuki unajilaumu, na anayejilaumu hujiona amebakiza padogo tu. Hako kapengo kati ya "nimeshindwa" na "nilikaribia" ndiko kanakokurudisha, ndugu yangu. Uchawi haumo.

Nina ushahidi mmoja ninaoupenda. Katika programu ya kabati la asili kuna kasoro maarufu. Hatua ya kwanza, ukibakiza wale nyuki wawili wa chini upande wa kushoto, ukawakwepa bila kuwapiga kwa muda wa kama dakika 15, wanaacha kufyatua. Ukiwamaliza baada ya hapo, hakuna adui atakayefyatua risasi tena hadi gemu iishe. Niliijaribu kwenye kompyuta kwa programu inayoigiza kabati lile. Hatua za mwanzo nilicheka kama mwizi aliyeachiwa duka wazi. Kufika ya kumi nilikuwa napiga miayo. Kumbe kilichokuwa kinanishika ni hatari, na nilikuwa nimeizima mwenyewe.

Hatari hiyo ina babu yake. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, huko huko Japani, alitengeneza Space Invaders: viumbe 55, safu tano za kumi na mmoja. Mashine yake ilikuwa dhaifu, haikuweza kuwasogeza wote kwa mara moja, ikamsogeza mmojammoja. Kadiri ulivyowaua, ndivyo waliobaki walivyokwenda kasi, na yule wa mwisho akawa anakimbia kama kichaa. Nishikado aliona, akaiacha hivyo. Tangu hapo kila gemu ya ukoo huu inakubana pale pale unapokaribia kumaliza. Kwa nyuki wako utaona wakibaki wachache hawarudi tena safuni, wanakushukia mfululizo.

Sasa nije kwenye saa sita usiku, maana hapo una haki ya kuwa na wasiwasi.

Lile kabati lilitengenezwa ili limeze sarafu. Mwenye mashine alitaka ufe baada ya dakika chache ili mwingine asogee. Lakini pia alitaka uone umekufa kwa haki, la sivyo hutatoa sarafu ya pili. Gemu ikasukwa katikati ya tamaa hizo mbili, fupi na yenye haki. Na watu husahau kwamba sarafu yenyewe ilikuwa breki. Ulipokuwa na shilingi 20, ulicheza za shilingi 20. Zikiisha ulisimama nyuma ya wenzako ukatazama, ukabishana, ukaitwa nyumbani kutumwa mkaa. Mpwa wako amekupa injini ile ile bila breki. Kwenye simu hakuna foleni, hakuna mwenye kibanda, hakuna sarafu. Unakufa, unagusa skrini, unaanza. "Mara moja tu" ya mwaka 1993 ilikuwa na mwisho kwa sababu mfuko ulikuwa na mwisho.

Kuhusu dopamini, ile kemikali ya ubongo, ujumbe wa WhatsApp una punje ya ukweli iliyopakwa chumvi nyingi. Mwaka 1998 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa London waliowapima watu 8 wakicheza gemu ya kuendesha kifaru, wakaona dopamini imeongezeka kwenye ubongo wakati wa kucheza. Hilo ni kweli. Lakini dopamini huongezeka pia ukinusa pilau una njaa, au mwanao akikukimbilia mlangoni. Ni njia ya ubongo kusema "hapa pana kitu, endelea kufuatilia." Dawa za kulevya huivamia njia hiyo kwa kemikali, kwa nguvu ambayo ubongo haukuumbwa kuihimili. Gemu inapita barabara ya kawaida. Kusema vitu hivi viwili ni kimoja kwa sababu vyote vinagusa dopamini ni sawa na kusema jiko na nyumba inayoungua ni kitu kimoja kwa kuwa vyote vina moshi.

Ugonjwa wa gemu upo, sitaki nikufiche. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Lakini tazama wanachodai: mtu ashindwe kudhibiti uchezaji wake, gemu ipewe nafasi mbele ya mambo mengine ya maisha, aendelee ingawa anaona inamharibia, na hali hiyo iharibu kweli familia, kazi au masomo, kwa kawaida kwa kipindi cha miezi 12 hivi. Wewe una mwezi mmoja, friji za watu zinatengenezwa, na bado unajiuliza. Sioni mgonjwa hapo. Naona mtu anayelala kwa muda wa saa tano badala ya saba, na hilo tu linatosha kumkosesha umakini kesho yake akishika nyaya za umeme. Kwa fundi kama wewe, nachelea zaidi kukosa usingizi kuliko dopamini.

Ukitaka ushauri wangu, usiifute. Watu huifuta Jumatatu wakairudisha Jumatano, wakajiona dhaifu bure. Rudisha breki. Mimi ninayo kopo mezani lenye vifuniko vitano vya soda: kila nikianza gemu natoa kimoja, vikiisha nazima. Ni ujinga, najua, lakini mkono unaogusa kifuniko unanipa nafasi ya kufikiri ambayo kidole kinachogusa skrini hakinipi. Kikubwa zaidi, cheza kabla ya chakula cha usiku, siyo kitandani. Na ukiweza, itoe kwenye simu uiweke kwenye televisheni, kwa pedi ya kushika mkononi. Utacheza vizuri zaidi, na kwa kuwa sebule ina wenyewe, utaondolewa tamthilia ikianza.

Kama hata hivyo utajikuta unadanganya nyumbani kuhusu muda uliocheza, unakosa kazi za watu, unakuwa mkali ukiingiliwa, au unacheza kwa sababu kuna huzuni usiyotaka kubaki nayo kimya kimya, hapo usiniandikie mimi. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza mahali pa huduma za afya ya akili au mshauri nasaha, ukazungumze naye ana kwa ana. Nimeitaja huzuni makusudi, kwa kuwa umemtaja kaka. Vilevile, ganzi ya vidole au maumivu ya kiganja yasiyoisha ni ya daktari, na mtu yeyote wa nyumbani kwako mwenye historia ya kifafa asicheze gemu zenye mwanga wa kumulikamulika kabla ya kuuliza daktari.

Mtoto naye? Wasiwasi wa risasi ninauelewa, lakini hapa adui ni mdudu wa vidoti vichache vya rangi anayepasuka kama bisi. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho si cha kutetea gemu, kilieleza mwaka 2020 kwamba gemu za ukatili zina uhusiano mdogo na tabia kama kufoka na kusukumana, ila ushahidi hautoshi kuzihusisha na ukatili wa kweli. Na walikuwa wanazungumzia gemu za damu. Kwa nyuki, mwache acheze. Ninachokuomba uangalie ni toleo lililomo kwenye simu. Nyingi zinazofanana na Galaga ni za kuiga: zinafyatua zenyewe, risasi hazina kikomo, ukifa zinakutaka ununue ndege bora, na katikati zinapitisha matangazo, mengine ya kamari. Hizo zimetoa moyo wa gemu zikabakiza ganda. Toleo rasmi linatolewa na Bandai Namco, maana Namco iliungana na Bandai. Na mtoto asichanganye kitu hiki na yale mashine ya kamari, bonanza, yaliyozagaa madukani. Kwenye nyuki ukiongeza ujuzi unaishi zaidi. Kwenye bonanza ujuzi hauna kazi, mashine imeshajua itabakiza kiasi gani.

Sasa ndege ya kaka yako. Kosa lako, nadhani, ni kumpiga bosi akiwa amekaa kwenye safu. Ukimwua pale, ndege yako iliyotekwa inageuka adui, inakushukia yenyewe, kisha inaondoka. Siri ni kumngoja ashuke. Bosi anahitaji risasi mbili. Ya kwanza humbadilisha rangi tu. Kwa hiyo mpige moja mapema, abadilike rangi, halafu mwache. Ondoa nyuki wengine taratibu ili skrini isiwe na fujo. Akishuka, ndege yako inakuja nyuma yake, juu kidogo. Kaa chini yake, fyatua risasi moja tu. Ukiachia ya pili kwa papara itaipiga ndege yako mwenyewe. Ikishaachiwa itazunguka kama pia, halafu itashuka ijipachike ubavuni mwako, usikimbie. Na usijaribu haya yote ukiwa na roho ya mwisho, kwa sababu ukitekwa ukiwa na hiyo, gemu imeisha.

Hatua ya pili ni pazuri pa kujaribia, kwa sababu ya tatu ni ile ambayo wadudu 40 wanapita bila kukufyatulia hata risasi moja, na ukiwapata wote unapewa alama 10,000 za ziada. Ukiingia pale na ndege mbili, utaelewa kaka yako alikuwa anaringia nini.